Mwaka wa Kunyunyiza Maji

Siku niliyosikia kwamba Mama Asukulu anakuja Minnesota, nilitia chumvi kwenye sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, mara tatu. Tulikuwa jikoni, chini ya kanisa tunaloazimwa kule Frogtown, akina mama sita na sufuria mbili kubwa, tukiwapikia watu wa kwaya. Ilikuwa Aprili na theluji bado ilianguka, maana theluji ya huku haina kalenda. Shemasi Etabo alishuka ngazi bila kuvua koti, daftari mkononi, akasema, "Bon, akina mama, habari njema. Mama Asukulu amepata ndege. Alhamisi anafika kwa binti yake, pale Crystal." Vigelegele vikapigwa. Mimi nikachukua kijiko cha chumvi. "Na ametuma neno," Etabo akaendelea. "Siku ya ukumbusho, jina la mutoto yake asome Faila. Amesema hataki mutu mwingine." Faila ni mimi, ingawa tangu nimzae binti yangu watu wa hapa huniita Mama Grace. Wote wakanigeukia wakitabasamu, kana kwamba nimeshinda bahati nasibu, nami nikatabasamu, nikachota chumvi nyingine. Siku ile wanakwaya walikunywa maji mengi sana.

Ukumbusho wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi sisi tuliotoka kijiji kimoja, chini ya mlima Kabemba, upande wa Fizi kule Kongo, tulisema kwamba ipo siku tutawakumbuka watoto waliokilinda kijiji wakati wa vita. Kumi na mmoja walikufa. Waliobaki sasa ni watu wazima wenye vitambi, wanaendesha malori, wanapanga maboksi kwenye maghala ya Eagan kama mimi, wanalalamika juu ya bima ya gari. Watoto wetu waliozaliwa huku walikuwa wakiuliza maswali, na sisi tukiwajibu kwa kuwaongezea wali. Mwaka huu Etabo akasema imetosha, na kijana mmoja akatengeneza bango lenye herufi nyekundu: MASHUJAA WETU. Neno hilo hunikera. Mtu mzima akishamweka mtoto mbele yake wakati risasi zinakuja, humwita shujaa ili asimwite mtoto. Lakini sikusema kitu, kwa sababu mtu mwenye hatia hana mdomo wa kukosoa mabango. Na hatia yangu niitaje mapema, msomaji asihangaike kuitafuta: kwa karibu miaka thelathini niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwua Asukulu, mtoto wa mama huyo anayekuja na ndege. Si kwa bunduki. Nilimwua kwa maji.

Habari za ukoo wangu naziacha kwa makusudi. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumba yangu ilikuwa stoo ya shule ya msingi, kile chumba kilichopakana na darasa la nne, chenye harufu ya chaki na panya. Walimu walikwisha kukimbia. Darasani walilala wavulana waliolinda mlima, wadogo wao wakiwa na miaka tisa, wakubwa kumi na mitano, baadhi wakiwa na bunduki, wengi wakiwa na mapanga na filimbi. Aliyewaongoza kwa mambo ya dawa tulimwita Dokta. Kabla ya vita alikuwa fundi baiskeli, na mpaka mwisho alikuwa na kawaida ya kushika mkono wa mtoto akiuzungusha kidogo, kama anayeangalia kama gurudumu limepinda. Yeye ndiye aliyechanganya maji. Lakini maji yale hakuruhusiwa kuyanyunyiza mwenyewe. Sharti lilikuwa yanyunyizwe na msichana ambaye hajavunja ungo, na msichana huyo huyo ndiye awapikie, maana chakula cha mwanamke mzima kingeyaondolea maji nguvu. Wakanichagua mimi. Nilipewa beseni la bati lenye ua la bluu na fungu la majani, na kila asubuhi wavulana walipanga mstari mbele ya stoo, nami nikawanyunyizia mmoja mmoja: kichwa, kifua, mgongo. Kila mmoja aliitikia, "Mayi!" yaani maji. Walituambia kwamba anayeshika masharti, risasi humgeukia kuwa matone tu.

Masharti yaliandikwa ubaoni, na aliyeyaandika ni Asukulu, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye masikio yaliyosimama, na alikuwa mchokozi asiyeudhi. Aliyaandika juu ya somo la mwisho la hesabu, ambalo alikataa kulifuta akisema mwalimu akirudi atamdai. Usiguse mkono wa mwanamke. Usile chakula cha mwanamke mzima. Usile majani ya maboga. Usiibe. Usigeuke nyuma. Mwanzoni yalikuwa hayo tu. Jioni, nikisonga ugali, alikaa kizingitini, mbali kidogo kama sharti lilivyotaka, akanifundisha sehemu za hesabu kwa ule ugali. "Mwalimu Faila," aliniita hivyo kwa kunitania, "nusu ya bugali ni yangu, robo ni yako. Inabaki nini?" Nikasema robo. "Ya nani?" Nikasema ya Dokta. "Hapana, ya panya. Dokta atakula panya." Nilicheka mpaka moshi ukaniingia puani. Maharage yalikuwa hayana chumvi, ugali wa mihogo ulikuwa na mchanga, na bado nikiulizwa leo ni lini nilikula kwa raha, hukumbuka kizingiti kile kabla sijakumbuka meza yoyote ya Minnesota.

Ukuta kati ya stoo na darasa ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeachana. Mvua ya mchana ikinyesha, wavulana walilala chali wakiongea, nami nilichambua maharage nikisikiliza. Watu wa siku hizi wakiniuliza watoto wale waliongea nini, wanategemea kusikia habari za vita. Waliongea habari za mama zao. Kwa usahihi zaidi, walibishana ni mama wa nani anayejua kupika. Mmoja alisema maharage ya mama yake yana vitunguu viwili. Mwingine akasema mwongo wewe, mama yako huazima kitunguu kwetu. Sauti ya Asukulu ikaja juu ya zote: "Nyinyi hamujui kitu. Mama yangu akipika majani ya maboga na karanga, hata maiti itaamuka na kuuliza sahani." Wakamzomea, kwa sababu majani ya maboga yalikuwa mwiko. Asukulu akaacha, ikabaki mvua, na mdogo wao mmoja akasema, "Endelea tu kusema, Asukulu. Kusema si kula."

Mtoto wa kwanza alipouawa, Dokta alitukalisha darasani akauliza, "Nani amevunja sharti?" Akauliza tena, akauliza tena, mpaka mtoto mmoja mdogo, akilia, akasema marehemu alikuwa ameoga kwa sabuni mtoni. Dokta akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Andika," akamwambia Asukulu. Na Asukulu akaandika: Usioge kwa sabuni. Wa pili alipokufa, ikagundulika kwamba alimshika mkono shangazi yake msibani, na kumbe hilo lilikwishaandikwa, likapigiwa mstari. Wa tatu alikuwa amevuka mto kwa mguu wa kushoto. Ubao ukajaa. Ikabidi Asukulu aandike kwa herufi ndogo pembeni, kuzunguka lile somo la hesabu. Mimi leo naona jambo ambalo wakati ule hakuna mtoto angeweza kuliona: hakuna aliyekufa kwa risasi mwaka ule. Wote walikufa kwa kosa lao.

Baada ya akina mama kuondoka jikoni siku ile ya sombe ya chumvi, nilibaki nikisugua sufuria mpaka Etabo aliporudi kuzima taa. Naye alikuwa mmoja wa wavulana wale, wa miaka kumi na minne, na zamu yake mlimani ilikuwa pamoja na Asukulu. Tangu tufike Marekani hatukuwahi kuongea habari hizo hata mara moja, ingawa ni mtu aliyewahi kuja kutoka upande wa pili wa mji, theluji hadi magotini, kuliwasha gari langu lililozimika kwa baridi.

"Shemasi," nikamwambia, "siku hiyo tutasema nini juu ya maji?"

"Maji gani?"

"Unajua ni maji gani."

Akaangalia ngazi kwanza. "Mama Grace, hapa kuko batu ya kanisa. Wazungu wenye jengo watakuja, vijana watakuja. Tunasoma majina, tunaomba, tunakula. Ile mambo ya Dokta tuliyaachaka kule."

"Mimi sikuyaacha. Nilipanda nayo ndege."

"Basi uyafungie kwenye valizi," akasema, si kwa ukali, akazima taa ya mwisho. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa sera yake, na nisiseme uongo, ilikuwa yangu pia kwa miaka hiyo yote.

Asubuhi aliyokufa Asukulu ilikuwa ya kiangazi. Niliamka juu ya mkeka nikaona damu kwenye kitenge. Nilijua ni nini, wasichana huambiana. Nilijua pia kwamba kazi yangu imekwisha saa ile ile, na kwamba nilitakiwa kuweka beseni chini, kumwambia Dokta, na kuondoka bila kumgusa mtu. Sikusema. Sababu ya kwanza ni aibu: mstari wa wavulana ulikuwa umeshapangwa mlangoni, nami ningelisema mbele ya nani? Sababu ya pili ni kwamba Dokta alikuwa amekwisha kumtaja msichana atakayenifuata, mtoto wa jirani wa miaka minane, aliyeogopa hata mbuzi. Sababu ya tatu niliificha hata mwenyewe kwa muda mrefu: sikutaka kuondoka. Hapo stooni kulikuwa na watu waliosubiri mkono wangu kila asubuhi, na kulikuwa na Asukulu kizingitini. Nikajifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, nikatoka na beseni. Nilinyunyiza mstari mzima. Asukulu alikuwa wa mwisho, alichelewa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaja anakimbia kutoka nyuma ya shule. "Mwalimu, nimwagie mengi," akasema, "nimetoka jasho." Nikayarusha kwa haraka, maji yakamwingia machoni. Akayapangusa, akacheka, akaitikia "Mayi!" akapanda mlima.

Kabla ya saa sita tukasikia chuma. Juu pale walikuwa wamening'iniza rimu ya lori, na kazi ya walio zamu ilikuwa kuigonga wakiona watu wenye silaha wanapita kivukoni, ili kijiji kipate muda wa kukimbilia ziwani. Kijiji kikakimbia. Akina mama walibeba watoto na sufuria, wazee walibebwa mgongoni, mimi nilikimbia na beseni tupu bila kujua kwa nini ninalibeba. Nyuma yetu chuma kililia na kulia. Kililia muda mrefu kuliko tulivyoagizwa, kwa sababu aliyekigonga alikuwa akiona kutoka juu kwamba bado hatujafika mwisho wa mashamba ya mihogo. Kisha kikanyamaza. Wote mnaotuona leo Minnesota, na watoto wetu, na magari yetu mabovu, tunaishi kwa zile dakika za ziada. Jioni, ufukweni, Etabo akatufikia peke yake. Akasema, "Asukulu amebaki." Dokta akasimama katikati ya watu waliokuwa wakisubiri mitumbwi, akauliza kama kawaida yake, "Nani amevunja sharti?" Niliweka uso kati ya magoti. Mama Asukulu alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, naye pia alikuwa ameinamisha uso, nami nikadhani ni kwa sababu ya msiba tu.

Jumatano ile, siku moja kabla ya ndege kufika, nilimchukua Grace shuleni. Grace ana miaka kumi na miwili. Aliingia garini, akatupa begi nyuma, akafungua paketi ya viazi vya kukaanga, na bila kunitazama akasema, "Mama, I got my period. Usiwe weird, okay? Nurse amenipa vitu vyote." Nikaingiza gari kwenye maegesho ya duka la kwanza nililoliona, nikazima injini. "Mama? It's fine. It's literally fine," akasema, akaninyooshea ile paketi ili nami nichukue viazi. Nikamtazama. Kucha zake zilikuwa na rangi iliyobanduka nusu. Kwenye begi lake alikuwa amening'iniza mdoli wa sungura. Miaka yote nilipomkumbuka yule msichana mwenye beseni, nilimwona mtu mzima, mwenye akili zake, aliyekaa akachagua uovu. Kumbe alikuwa na ukubwa huu. Nilianza kulia pale garini, na mtoto maskini akadhani ni yeye amenikosea, akanipapasa mgongo kwa mkono wenye mafuta ya viazi. Nilimwambia hujakosa kitu, mwanangu, hujakosa kitu hata kidogo. Mficha uchi hazai. Jioni hiyo niliamua kwamba nitamwambia Mama Asukulu, hata kama atanifukuza, hata kama jina la mwanawe litasomwa na mwingine na watu wataanza kukaa mbali nami kwenye benchi.

Jumamosi nikaenda Crystal. Binti yake alikuwa kazini, na aliyenifungulia mlango ni Etabo, aliyekuwa ameleta mfuko wa unga na koti la baridi. Mama Asukulu alikuwa amelivaa lile koti humo humo ndani, hita ikiwa inanguruma, mikono yake midogo haionekani. Alinishika mashavu akayatazama kwa muda mrefu. "Faila," akasema. "Umenenepa. Mungu asifiwe." Mezani palikuwa na ugali, ndagala, yaani dagaa, za kukaanga na pilipili. Akaniambia nile kwanza. Nikasema, "Mama, sitakula mpaka niseme neno." Kukataa chakula cha mama wa umri ule ni utovu wa adabu ambao kwetu husimuliwa mpaka kwa wajukuu, na niliona jinsi mkono wake ulivyosimama juu ya sahani. Nikasema nikiwa nimesimama. Nilisema habari za damu, kitenge cha pili, maji yaliyomwingia mwanawe machoni. Etabo akainuka. "Mama Grace, tafadhali, mama amechoka na safari."

"Kaa chini, Etabo," Mama Asukulu akasema. Akanigeukia. "Ile asubui?"

"Ndiyo, mama. Asubuhi ile ile."

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na miwili."

Akafunika mdomo kwa mkono wa koti. Mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikasubiri kufukuzwa. Aliposhusha mkono, nikaona kwamba analia na kucheka kwa pamoja. "Faila, mutoto yangu, sikiliza. Ile asubui Asukulu alikuja kwangu. Alipitia nyuma ya jiko, anakimbia. Nilikuwa nimepika majani ya maboga na karanga. Nikamwambia, mwanangu, si ni mwiko? Akasema, mama, nina njaa ya chakula yako. Alikulaka sahani mbili. Nikamushika kichwa hivi, kwa mikono yangu yote mbili, nikamubusu. Mimi mwanamuke muzima! Akaenda mulimani na chakula yangu ndani ya tumbo." Akapangusa macho. "Toka ile siku sijagusa majani ya maboga. Pale ufukweni Dokta alipouliza, nilijua ni mimi. Kila asubui ninamwambia Mungu, ni mimi nilimuuaka. Hata binti yangu hajui."

Etabo, akiwa amefunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni, akaanza kuongea akiitazama meza. "Aliniambia kimbia, mimi nitagonga. Akaniambia, usigeuke. Nikakimbia. Nilifika penye mihogo nikageuka. Mara moja tu, nimuone. Alikuwa anagonga kwa mikono mbili. Nikageuza kichwa mbele, na chuma kikanyamaza. Mama, niligeuka. Nimekuwa shemasi miaka kumi na mbili, na kila nikisimama kuomba ninasikia kile chuma kinanyamaza."

Mama Asukulu alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango. "Kwa hiyo tulikuwa batatu," akasema. "Mutoto mumoja, tulimuua batatu." Akavuta sahani ya ugali akaikata kwa vidole, akaweka tonge mbele yangu, jingine mbele ya Etabo. "Na yule mwenye bunduki, yee hakufanya kitu?"

Sijui nieleze vipi kilichotokea ndani yangu. Nilikaa. Mara ya kwanza baada ya karibu miaka thelathini nilimfikiria mtu aliyeshika bunduki, mtu mzima, mwenye vidole na kidole kimoja juu ya kifyatulio, ambaye sikuwahi hata siku moja kumlaumu kwa sababu nafasi yote ya lawama nilikuwa nimeijaza mimi. Nilihisi hasira, hasira safi, na nyuma yake hamu ya kula. Nilikula ndagala zile na mifupa yake. Etabo alikula akilia bila kujificha. Mama Asukulu yeye aliongea tu, habari za uwanja wa ndege, jinsi alivyogoma kupanda ngazi zinazotembea, na jinsi Asukulu alivyoomba sahani ya pili. Alilisema hilo la sahani mara nne. "Hakufa na njaa," akasema. "Hiyo nilikuwa sijawahi kuifurahia, juu ya kuogopa. Mutoto yangu alikuwa ameshiba."

Ukumbusho ulifanyika Jumapili ya pili, mchana, theluji ikiwa imebaki vilima vichafu pembeni mwa maegesho. Bango la herufi nyekundu lilikuwa mahali pake, lakini Etabo alikuwa amemwomba yule kijana aandike chini yake, kwa kalamu nyeusi: WALIKUWA WATOTO. Zamu yangu ilipofika nilisoma jina la Asukulu, na badala ya kurudi kukaa nikasema nilikuwa nani mwaka ule na nilificha nini. Niliposema neno la damu, akina mama wenzangu walitazama viatu vyao na mchungaji akakohoa. Grace, aliyekaa na vijana, hakutazama chini. Mama Asukulu akasimama akasema ya majani ya maboga. Etabo akasimama akasema aligeuka. Nikadhani tumemaliza. Ndipo nyuma kabisa baba mmoja mwenye tai, dereva wa basi la shule, akainuka akasema kwa sauti nzito, "Mimi nilioga na sabuni. Mara nyingi sana." Watu wakacheka kwa mshtuko, naye akacheka, kisha akaeleza ni nani aliyekufa wiki ile na jinsi alivyojilaumu. Mwingine akasema aliiba kuku. Mwingine alimshika mkono dada yake. Walisimama mmoja mmoja, watu wenye vitambi na suti za Jumapili, wakitaja makosa yao kwa Kiswahili, na watoto wao wakiwatazama kama wanaowaona kwa mara ya kwanza.

Wa mwisho alikuwa Kashindi, mpiga kinanda wetu, mtu mkimya ambaye mwaka ule alikuwa na miaka tisa. Kaka yake ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Alisimama nyuma ya kinanda, akashindwa kuanza, akaanza. "Mimi sikuvunja sharti yoyote," akasema. "Niliogopa tu. Siku aliyokufa kaka yangu, zamu ilikuwa yangu. Nikajificha, naye akaenda mahali pangu." Hakuna aliyecheka. Alibaki amesimama, mikono juu ya kinanda, hajui akae wapi.

Mama Asukulu aliliondoa koti lake kwenye kiti cha jirani, akakipigapiga kwa kiganja. "Kuja ukae hapa, mutoto yangu," akamwambia. "Bote tuliogopaka."

Akaja, akakaa. Etabo akafungua daftari, akasoma jina la kaka wa Kashindi.